Kichupa cha Kuazima

Kazi yangu ni kupima mavi ya watoto. Naisema hivyo kwa sababu nimechoka kuizungusha. Zamani nikiulizwa nilikuwa nasema niko hospitali. Mtu akiuliza zaidi, nasema niko maabara. Akizidi kuuliza, namwambia nachunguza virusi vinavyoharisha watoto wadogo. Hapo ndipo yule aliyekuwa amenishika mkono huanza kuutoa polepole. Shemeji yangu alinikataza kabisa kutaja kazi siku ile tuliposimama Kikopey kula nyama tukitoka kwa shughuli za mahari. "Shem, leo wewe ni mwalimu," aliniambia, huku akivuta sinia ya mbavu upande wake. Nikawa mwalimu hadi nyama ikaisha.

Nimeifanya kazi hii hapa Nakuru miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Maabara yetu ni chumba kimoja nyuma ya wodi ya watoto. Kina dirisha lisilofunguka, friji mbili, na mashine tuliyoletewa na watu wa mradi wa utafiti. Unachukua choo kidogo sana, unakisafisha kwa dawa moja baada ya nyingine hadi kinabaki tone la maji maangavu, kisha unakitia ndani ya mashine. Inatafuta virusi vitano ambavyo ndivyo husumbua matumbo ya watoto zaidi, na majibu yanatokea kwa mistari kwenye skrini. Mstari ukipanda, kirusi kipo. Ukilala chini, hakipo. Watu hudhani sayansi ni jambo la kusisimua, lakini sehemu kubwa ya sayansi yangu ni kukaa kwenye stuli mgongo ukiuma, ukingoja mistari ipande.

Kinachochosha zaidi si harufu. Harufu inazoeleka. Kinachochosha ni kwamba nikishajua ni kirusi gani, tiba ni ile ile. Rota, noro, adeno, vyote dawa yao ni moja: maji yenye chumvi na sukari, tembe za zinki, titi la mama, na subira. Akizidiwa, anawekewa dripu. Majibu yangu yanawafaa watu wanaopanga chanjo, na sibishani na hilo, maana niliona kwa macho yangu jinsi vitanda vilivyopungua watoto walipoanza kupewa yale matone kliniki. Lakini mama aliyekaa mbele yako na mtoto mwenye macho yaliyozama hajali mambo ya wapanga chanjo. Anauliza, "Ni nini?" Mwanzoni nilikuwa nawajibu ni virusi. Nikaacha, kwa sababu neno hilo kwetu lina ugonjwa wake mmoja tu, na mama mmoja aliketi chini sakafuni akaanza kulia kabla sijamaliza kusema. Siku hizi nasema ni vijidudu vya tumbo. Wengine wananiangalia kwa huruma na kunieleza kwamba ni meno yanaota.

Mama mkwe wangu, anayekaa juu huko Molo, ni wa kundi hilo la meno. Amelea watoto wengi na wote, kwa maelezo yake, waliharishwa na meno. Nimejaribu kumweleza. Ananisikiliza vizuri, ananiongeza chai, halafu ananiuliza kama kwa shule yetu tulifundishwa pia habari ya meno.

Basi kupata hicho choo chenyewe ni kazi nyingine. Zamani mtoto alifungwa nepi ya kitambaa na mambo yote yalionekana. Sasa ni daipa, na daipa inakunywa kila kitu. Mtoto anayeharisha maji matupu, ukifungua unakuta pamba imevimba na hakuna hata tone la kuchota. Kwa hivyo tuliwafundisha akina mama kutandika kipande cha nailoni ndani ya daipa. Mtoto akilazwa, mama anapewa kichupa chenye kijiko kidogo kilichoshikana na kifuniko, na kila asubuhi mimi napita na trei nikiuliza swali lile lile kitanda hadi kitanda: "Amepeana?" Yaani, mtoto ametoa choo cha kutia kichupani?

Daktari naye akipita anauliza hivyo hivyo. Sister, muuguzi wa wodi, akipita, anauliza. Mwanafunzi wa uuguzi akipita, anauliza. Na kwa sababu kila mtu mwenye koti jeupe anauliza habari ya kichupa, akina mama wakaamua wenyewe kwamba kichupa ndicho tikiti. Bila kichupa mtoto hashughulikiwi. Aliyechelewesha kichupa atachelewa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna aliyewaambia hivyo. Ni habari iliyopokezanwa wodini, anayetoka akimwachia anayeingia, na mimi niliyepita pale kila siku nilikuwa wa mwisho kuisikia.

Mtu asiyewahi kulazwa na mtoto hajui maisha ya wodi ile. Kila kitu ni cha wote. Sabuni ya unga inazunguka. Chaja moja ya simu inahudumia upande mzima. Mama akienda kuoga anamwachia jirani mtoto wake, na jirani akienda kununua mandazi hapo nje analeta pia ya yule asiye na mtu wa kumtembelea. Wanaitana kwa mahali walikotoka. Kuna Mama Naivasha, Mama Subukia, Mama Njoro. Wakiachana wanapeana namba za simu na kuahidiana kutembeleana, na nadhani wengine hutembeleana kweli.

Wiki ninayoikumbuka ilikuwa ya ukame, vumbi limejaa kila mahali, na stima ilikuwa imepotea. Jenereta ilitosha thieta ya upasuaji na chumba cha watoto njiti tu. Vichupa vikarundikana kwenye friji niliyoipoza kwa barafu ya kuombaomba. Stima iliporudi nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza. Kwa kawaida vichupa vya asubuhi husubiri hadi trei ya mashine ijae, pengine siku nyingi. Siku hiyo nilipanga vile vya zamani, nikaona zimebaki nafasi mbili, na kwa kuwa sipendi kuendesha mashine na nafasi tupu, nikachukua vichupa viwili vilivyokuwa karibu, vilivyoletwa asubuhi ile ile. Sikuwa na sababu nyingine.

Mchana mistari ikaanza kupanda. Vile vya zamani vilikuwa na mchanganyiko wa kawaida, huyu ana hiki, yule ana kile, mwingine hana kitu. Lakini vile viwili vya mwisho vilikuwa na virusi viwili viwili, vile vile, na mistari yao ilipanda pamoja kama watu walioshikana mikono. Nikawaza nimekosea, nimetia tone moja mahali pawili kwa uchovu. Nikaguna. Kukosea maana yake ni kurudia, na kurudia maana yake ni kufika nyumbani jioni na miguu imevimba.

Nikafungua friji, nikavitoa vichupa vyenyewe, nikaviinua kwenye mwanga. Kimoja kilikuwa cha mtoto wa miaka miwili. Ndani yake kulikuwa na vipande vya maganda ya maharagwe, jambo la kawaida kwa mtoto aliyekula githeri tumbo likaikataa. Cha pili kiliandikwa miezi saba, ananyonya. Nacho kilikuwa na maganda ya maharagwe.

Hapo hapahitaji masomo. Mtu yeyote aliyewahi kumbadilisha mtoto daipa angejua.

Nilipandwa na hasira. Nataka isomeke hivyo, kwa sababu baadaye watu walinisifu kana kwamba nilikimbia kuokoa maisha. Sikukimbia kuokoa kitu. Nilienda wodini kugombana. Nilikuwa nikiwaza miezi yote niliyokaa kwenye ile stuli, na vichupa vingapi vilivyopita mikononi mwangu vikiwa vya mtoto wa jirani, na majibu mangapi niliyotuma nikiapa kwamba ni ya kweli. Nilitembea ule ujia nikipanga maneno.

Vitanda viwili vile vilikuwa kando kando, karibu na dirisha. Upande mmoja alikuwa mama wa hapa mjini, mtu wa familia zilizokuja kutoka magharibi enzi za reli, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti ambaye wodi nzima ilimtegemea kwa habari na chumvi. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amesimama kitandani akitafuna ndizi. Upande wa pili alikuwa msichana, maana kwangu ni msichana, aliyetoka Kuresoi, na bado alikuwa amevaa gambuti alizotoka nazo shambani kwenye viazi. Wenzake walimwita Mama Kuresoi. Mtoto wake alilala kwenye mapaja, mkono umefungwa dripu, uso umekwisha rangi.

"Nani kati yenu ameamua kunichezea?" nikauliza, nikivishika vile vichupa juu.

Yule mama wa mjini ndiye aliyejibu. Hakuwa na hatia hata kidogo usoni.

"Ni mimi, madam. Nilimsaidia tu. Huyu mtoto wake choo imekataa kutoka, na sister ameuliza mara mbili. Sasa wangu alikuwa ametoa mingi, nikamwambia chota, si zote ni mavi?"

Wengine wakacheka kidogo, kisha wakaona sura yangu wakaacha. Nikamgeukia Mama Kuresoi. Nilikuwa bado na maneno yangu niliyopanga ujiani, kuhusu majibu ya uongo na kazi ya watu kuharibika. Lakini alinitangulia, akizungumza chini chini huku akiangalia sakafu.

"Pole, madam. Nilikuwa naogopa mtaturudisha nyumbani. Alikuwa anaendesha sana mpaka tukaletwa, halafu ikakauka. Kutoka jana hajafanya kitu. Ni kulia tu, anakunja miguu, ananyamaza, anaanza tena."

"Hajafanya kitu kabisa?"

"Jana kulikuwa na kitu kidogo kama kamasi. Iko na damu kidogo. Nikajua ni meno."

Mimi si daktari, ila nimekaa karibu na wodi ya watoto nusu ya maisha yangu. Hasira iliniishia papo hapo, na nilipoishiwa nayo niliogopa sana. Daktari alikuwa kitanda cha nyuma akiandika. Kijana mzuri, mpole, ambaye alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu. Asubuhi alikuwa amemuuliza mama huyu kama mtoto anaenda choo, na mama akamjibu ameshapeana. Hakusema uongo. Kichupa alikuwa amekipeana. Daktari akajua mtoto bado anaharisha, akaongeza maji, akaenda kitanda kingine, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Nilimwita. Nilimwambia tu, "Kichupa chake si chake. Huyu hajaenda choo tangu jana, na ametoa damu."

Aliweka kalamu chini. Akaja, akamlaza mtoto, akapasha viganja vyake joto kwa kuvisugua, akaanza kupapasa tumbo. Alifika upande wa kulia akasimama. Akapapasa tena pale pale. Mtoto alitapika kitu cha kijani, na daktari akaniangalia, halafu akamwita sister kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Wakampiga picha ya tumbo. Utumbo ulikuwa umeingia ndani ya utumbo mwenzake, kama mkono wa sweta unavyojiingia ndani ukivuliwa kwa haraka. Hali hiyo huwapata watoto wa umri ule, wakati mwingine baada ya kuharisha. Hakuna kitu kinachopita, na damu ya pale inakatika kidogo kidogo. Ukichelewa kumpasua, mtoto anakufa. Daktari alimweleza mama hayo yote kwa maneno rahisi, bila kumficha. Mama akauliza swali moja tu: "Atarudi?" Daktari akasema watajaribu sana.

Wakati walipomsukuma kwenda thieta, mimi nilirudi maabara. Mistari ya vile vichupa viwili ilikuwa bado kwenye skrini, imeshikana mikono. Nikaikalia ile stuli bila kufanya kitu. Niliwaza jambo ambalo bado linanichosha nikilifikiria: kwamba ishara kubwa ya mtoto yule ilikuwa ni kukosa kile kitu tulichokuwa tukimdai, na jirani mwema akaja akamfunikia pengo. Hakuna mtu mbaya katika habari hii wa kumlaumu. Ningempata mtu mbaya ningepumzika kidogo.

Jioni nikapitia wodini kabla ya kwenda nyumbani. Yule mama wa mjini alikuwa ameketi kitandani, mtoto wake amelala, naye analia bila sauti, leso mdomoni. Wodi iliyozoea kelele zake ilikuwa inamwangalia kwa woga.

"Madam, niambie ukweli. Nilikuwa naua mtoto wa wenyewe?"

"Hapana."

"Mimi nilimwonea tu huruma. Yeye hajui mtu hapa."

"Najua," nikamwambia. Nilitamani niwe na neno zuri zaidi kuliko hilo. Nikaketi, nikamshika mkono, na hakuutoa. Tulikaa hivyo hadi sister alipokuja kusema mtoto ametoka thieta, anapumua, kipande kidogo cha utumbo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi wakakikata, na sasa ni kungoja.

Kungoja kwenyewe kulikuwa ni kungoja choo. Daktari wa upasuaji, mzee asiyepoteza maneno, alimwambia Mama Kuresoi kwamba mtoto hatanyonya hadi utumbo uamke, na dalili ya kuamka ni choo. "Akitoa, nataka nione kwa macho yangu," akasema. Basi wodi nzima ikaingia kwenye kungoja huko. Asubuhi nikipita na trei yangu, badala ya mimi kuuliza, wao ndio waliokuwa wakimuuliza Mama Kuresoi, kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho: "Bado?" Naye anatikisa kichwa. Titi lilikuwa limejaa na linamuuma, na mtoto alikuwa akilisikia harufu na kulililia, na mama anageuza uso. Alikuwa amekonda mashavu. Sister sasa ndiye aliyekuwa akijaza vichupa mwenyewe, na akina mama walikatazwa kusaidiana jambo lolote linalohusu ugonjwa. Wakatii. Ila yule mama wa mjini, mtoto wake alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, na bado kila saa ya kuona wagonjwa alikuja na thamosi ya uji, akaketi kando ya Mama Kuresoi, wakangoja pamoja.

Siku ilipofika nilikuwa mlangoni na trei. Nilisikia Mama Kuresoi akisema "Ngoja, ngoja," halafu yule mama wa mjini akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi kwa mochari. Wodi nzima ikapokea. Wanawake waliokuwa hawajalala, nywele timutimu, watoto wenye dripu mikononi, wote wakipiga vigelegele kwa sababu ya daipa. Sister alikuja mbio akifikiri kuna msiba. Mimi mwenyewe macho yalijaa machozi, na sioni haya kusema.

Kisha nikakumbuka kazi. Tangu mtoto yule alazwe, sikuwahi kupata kichupa chake cha kweli, na kwa karatasi za mradi alikuwa anahesabiwa kuwa na virusi visivyokuwa vyake. Nikachukua kichupa kipya, nikasogea.

"Mama, nipe kidogo basi."

Akaifunika ile daipa kwa mikono yote miwili.

"Aii, madam. Hii hapana. Daktari amesema anataka kuona na macho yake."

"Kijiko kimoja tu."

"Hata kijiko. Wewe ngoja ya kesho."

Yule mama wa mjini akatazama dirishani akijizuia kucheka. Nami, ambaye nimeomba mavi ya watoto wa watu maisha yangu yote ya kazi, nikakirudisha kichupa mfukoni. Miguu ilikuwa inauma na trei ilikuwa bado tupu. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nao wakanisogezea nafasi, tukamngoja daktari aje aone.